Siku ya mwisho Mombasa na mama yangu: kutoka saa nne asubuhi hadi saa nne usiku

Mjukuu wa Kilindini (Dodoma) anauliza:

Ndugu wasomaji, ninaomba ushauri wa wenyeji wa Mombasa na wa wote wanaoufahamu mji huu vizuri, kwa kuwa tumebakiwa na siku tatu na bado sijajua siku ya mwisho niipange vipi.

Nimekuja na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66. Sisi ni Watanzania na makazi yetu ni Dodoma, lakini mama alikulia hapa, kwa sababu babu alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini wakati bandari za Kenya na za Tanzania zilipokuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walipanga nyumba Majengo. Jumuiya ilipokaribia kuvunjika, familia ilifungasha na kurudi kwao kwa basi la Lunga Lunga, kule mpakani, Januari 1977, wiki chache kabla Tanzania haijaufunga mpaka wake na Kenya. Mama hakuwahi kurudi tena mpaka wiki hii, ingawa utoto wetu wote tulilelewa kwa habari za Mombasa, na hata leo akila mbaazi za nazi mahali pengine popote lazima atoe kasoro.

Kufikia sasa tumekwenda Majengo, ambako nyumba yao haipo tena na mahali pake pamesimama ghorofa. Tumekunywa chai kwa mahamri kila asubuhi. Na tumevuka daraja la Nyali mara nyingi, jambo ambalo bado linamshangaza, kwani yeye aliliacha lile daraja la zamani la kuelea. Treni yetu ya Nairobi inaondoka Miritini siku ya Ijumaa saa nne usiku. Nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo iko Nyali, inatutaka tutoke saa nne asubuhi. Kwa hiyo tuna saa kumi na mbili kamili, mabegi mawili makubwa, na mama anayetembea kwa bakora kwa sababu ya magoti.

Ningependa kujua mizigo tuiweke wapi, kama inafaa kuitumia siku hiyo kuizuru Fort Jesus ambayo bado hatujaingia, na kama mtu wa umri wake anaweza kuvuka feri ya Likoni kwa miguu, kwa kuwa ameitaja mara mbili bila kusema kwamba anataka kwenda. Nikimuuliza mwenyewe, hujibu kwamba yuko tayari kwa lolote, na kila mwenye mama anajua uzito wa jibu hilo.

Mkaazi wa Kibokoni anajibu:

Karibuni sana, dadangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ningekushauri uipange siku hiyo kuanzia mwisho wake, kwa maana atakayekuharibia siku ni Makupa wala si Mombasa yenyewe.

Kituo cha treni kiko Miritini, bara, na wewe umelala Nyali, ambayo pia ni bara lakini upande mwingine kabisa. Kutoka Nyali kwenda Miritini lazima uingie kisiwani kwa daraja la Nyali, ukikate kisiwa, kisha utoke kwa Makupa. Mgeni akiangalia ramani huona ni mwendo mfupi, lakini Ijumaa jioni, watu wanapotoka kazini huku malori ya bandarini yakiwa barabarani, mwendo huo waweza kuchukua muda ambao hutaamini. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, limepunguza adha, ila ukishalipita bado una Changamwe mbele yako. Treni ikiwa ni ya saa nne usiku, nakusihi uwe umefika kituoni saa mbili na nusu, na uwe umeondoka kisiwani si baada ya saa moja na robo.

Ndiyo sababu kosa kubwa kuliko yote lingekuwa kuiacha mizigo Nyali kwa nia ya kuifuata jioni, kwani utavuka daraja la Nyali mara mbili katika saa ambayo hata wenyeji huliepuka. Hamisheni mabegi asubuhi ileile, mkodi chumba cha mchana katika nyumba ndogo ya wageni hapa Mji wa Kale au karibu na Barabara ya Moi. Wengi hukubali ukiwaeleza kwamba mtatoka kabla ya usiku, na bei huwa ni ya maelewano. Mama atapata mahali pa kunyosha miguu, kutawadha na kuswali, na wewe hutamburura juani pamoja na mabegi.

Jambo jingine ni kwamba siku yenu ni Ijumaa. Maduka ya Mtaa wa Biashara na ya nyuma ya Marikiti mengi hufungwa mchana kwa ajili ya swala, na mengine huchelewa kufunguliwa. Kama bado hamjanunua leso, viungo au achari, mnunue kabla ya saa sita. Leso mkishainunua, kuna mafundi wenye vyerehani palepale barazani ambao watawakatia na kuwakungia pindo mkiwa mmesimama, jambo ambalo Dodoma sidhani mtalipata kwa wepesi huo.

Abiria wa Usiku (Nakuru) anajibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu Makupa, lakini naona hajakujibu kuhusu Fort Jesus, na mimi sioni jinsi mtu anavyoweza kuondoka Mombasa bila kuingia humo. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na majeshi ya Oman tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waingereza wakaigeuza gereza. Na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nimeingia mara nne, na kila mara ninapofikiria habari za wale waliofungiwa ndani kwa karibu miaka mitatu, huku njaa na maradhi yakiwamaliza, nakaa kimya kwa muda. Hamhitaji zaidi ya saa moja na nusu. Mwende asubuhi mapema inapofunguliwa, kabla jua halijakuwa kali, kisha mpande hadi kwenye Nyumba ya Waomani, ambako upepo wa bahari hupita vizuri na bandari ya majahazi huonekana yote. Baada ya hapo mwaweza kumalizia siku kwenye ufuo wa Mama Ngina, pale watu wanapopunga upepo, mkitazama jua likizama baharini.

Kuhusu treni, jitayarisheni kwa ukaguzi. Abiria huambiwa waweke mizigo chini kwa mstari na kurudi nyuma, mbwa wakapita kuinusa, na baada ya hapo mizigo hupitishwa kwenye mashine zaidi ya mara moja. Mimi nilinyang'anywa kisu kidogo cha kumenyea maembe ambacho nilikuwa nimekisahau katika mfuko wa pembeni. Nilipata pia aibu iliyonistahili: nilikuwa nimenunua achari ya embe katika chupa iliyofungwa kwa karatasi na mpira tu, nikailaza ndani ya begi, na tulipofika Nairobi alfajiri shati langu la kazini lilikuwa na rangi ambayo haijatoka mpaka leo. Nunueni ya chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, muifunge kwa mifuko miwili, na muibebe mkononi.

Mtu wa Isamilo (Mwanza) anajibu:

Nitakwenda kinyume na wenzangu. Mama wa miaka 66 mwenye magoti mabovu, ambaye usiku huo atakaa kwenye kiti cha treni mpaka karibu alfajiri, hahitaji ngome, feri, soko na ufuo katika siku moja. Lipieni nusu siku pale Nyali mlipo, mpumzike hadi alasiri, mle chakula kizuri, kisha mwende moja kwa moja kituoni. Mimi niliwahi kumzungusha baba yangu Kigali siku nzima ya kuondoka, akapanda basi akiwa na homa, na njia nzima hakunisemesha.

Mzee wa Gati anajibu:

Binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu shehena pale Kilindini kuanzia mwaka 1972 hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitasema machache ninayoyajua.

Kwanza nimsahihishe kwa heshima huyu bwana wa Nakuru. Jua halizami baharini Mama Ngina. Pale umeelekea mashariki na kusini, na jua huzama mgongoni mwako, nyuma ya mji. Watu huenda pale jioni kwa sababu kivuli kimekwishafika na upepo umepoa, wakala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili na kunywa madafu chini ya mibuyu. Mwenye kutaka kuona jua likitoka baharini na aende alfajiri. Nalisema hili ili usimkalishe mama yako pale akisubiri kitu ambacho hakiji.

Kitu ambacho chaweza kuja ni meli. Kila meli inayoingia Kilindini hupita mbele ya Mama Ngina, karibu sana hata mtu mwenye macho mazuri husoma jina lake ubavuni, rubani akiwa ameshapanda, halafu huingia katika mkono wa bahari baina ya kisiwa na Likoni ambapo feri hulazimika kuipisha. Siwezi kukuahidi kwamba itapita ukiwapo, kwa kuwa meli hazina ratiba kama treni, lakini mtu akikaa kuanzia saa kumi hadi magharibi mara nyingi hakosi moja inayoingia au inayotoka. Binti wa mfanyakazi wa bandari sidhani kama utahitaji kumweleza anachokitazama.

Pili ni kuhusu feri. Umeandika kwamba waliondoka Januari 1977 kwa basi la Lunga Lunga. Basi la Lunga Lunga lazima livuke Likoni. Miezi ile naikumbuka. Tulikuwa na Watanzania wengi kazini, Wazaramo, Wadigo wa upande wa Tanga, Wanyamwezi, watu tuliokuwa tukila nao sahani moja, na wengi waliondoka bila kuagana na mtu, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni kwa mwezi mmoja au ni kwa maisha. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, baadhi yao walikuwa wamekwishakufa. Sasa mama yako ametaja feri mara mbili na hajasema kwamba anataka kwenda. Mimi ningempeleka.

Ila usimpeleke asubuhi mapema wala jioni, nyakati ambazo umati huenda mbio na mwenye bakora anaweza kusukumwa pasipo mtu kukusudia. Nendeni saa nne na nusu au saa tano. Anayevuka kwa miguu halipi chochote. Waacheni wenye haraka watangulie, nyinyi mteremke mwisho, mkae ubavuni palipo na chuma cha kushikilia. Mteremko wa kuingilia ni mkali kidogo na huwa na maji, kwa hiyo avae viatu visivyoteleza. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Mkifika ng'ambo mpumzike, kisha mrudi.

Na Fort Jesus, kama alisoma shule hapa, muulize kwanza kama hajawahi kupelekwa.

Mjukuu wa Kilindini anajibu:

Ninawashukuru wote kwa moyo. Mzee wangu, sikuwa nimeunganisha feri na Lunga Lunga mpaka uliponiambia, na nimejiona mjinga kidogo, kwa maana kisa cha safari ile nimekisikia tangu nikiwa mtoto. Nimemuuliza kuhusu Fort Jesus, akasema shule iliwapeleka mara mbili na kwamba mara ya pili mwalimu aliwachapa kwa kupanda juu ya mizinga. Basi hilo limekwisha. Ndugu wa Mwanza, nimelipokea onyo lako, na chumba cha mchana nitakitafuta leo hii. Nitarudi kueleza yaliyotokea.

Mkaazi wa Kibokoni anajibu:

Nyongeza ndogo: kutoka Mji wa Kale hadi Likoni chukueni tuktuk, mkubaliane bei kabla ya kupanda, na mmwambie dereva awashushe karibu na lango la wanaokwenda kwa miguu. Mchana, mkitaka chakula ambacho hakitamlemea kabla ya safari, epukeni biriani ya Ijumaa, japokuwa nasema hivi kwa uchungu, na mle wali wa nazi kwa samaki wa kupaka.

Mjukuu wa Kilindini anajibu, siku tano baadaye:

Niliahidi kurudi, na sasa tuko Nairobi kwa kaka yangu, kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika kwa utulivu.

Tuliondoka Nyali saa tatu na nusu, kabla hata muda wetu haujaisha, tukapata chumba cha mchana si mbali na Ndia Kuu. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda kimoja na feni iliyokuwa ikilalamika, lakini ndicho kilichoiokoa siku, na mtu yeyote mwenye mzazi mzee ninamshauri asikione kuwa ni gharama ya bure. Tuliweka mabegi na saa nne na nusu tulikuwa Likoni.

Mama hakusema neno kuanzia kwenye tuktuk. Tulifanya kama Mzee wa Gati alivyoelekeza, tukaingia mwisho na kushika chuma cha ubavuni, na feri ilipoanza kuondoka yeye aligeuka nyuma akawa anatazama kisiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na leso ya mkononi nilikuwa nayo tayari. Hakulia. Aliniambia kwamba mwaka 1977 walivuka kabla hakujapambazuka, yeye akiwa kiti cha katikati ndani ya basi, amepakatishwa kichwa cha cherehani cha bibi ambacho babu alikataa katakata kukiweka juu ya paa pamoja na mizigo mingine, na kwa sababu ya kile cherehani na watu waliosimama njiani hakuweza kuona dirisha hata moja. Alisikia tu injini ya feri, kisha akasikia basi likipanda mlima upande wa pili. Miaka yote hiyo alipokuwa akitusimulia, mkono ule wa bahari alikuwa akiufikiria mpana sana. Tulipofika katikati aliangalia mbele, akaangalia nyuma, akasema, "Kumbe ni padogo hivi."

Ng'ambo tulikaa kwenye ukingo wa duka lililofungwa. Mama alinunua machungwa manne kwa mchuuzi, akabishana naye bei kwa lafudhi ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, na yule kijana akamwita "mamangu" na kumwongezea la tano. Kisha tukarudi. Alitaka turudi tukiwa tumesimama mbele, sio ubavuni, na nilimkubalia ingawa roho ilikuwa juu.

Mtaa wa Biashara tulifika saa sita kasorobo, na Mkaazi wa Kibokoni alikuwa amesema kweli, maana milango ilikuwa inateremshwa mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa anamtafutia mdogo wake leso, yule khalati ambaye alikataa kuja nasi akidai kwamba safari ni ndefu na kwamba mambo ya zamani yaachwe yalipo. Muuzaji alitandika zaidi ya doti ishirini kwa uvumilivu ambao sikuustahili, huku mama akiyapitisha majina yote kwa kidole kama anayesahihisha mtihani. Hakuangalia mji wala pindo, alisoma maneno tu. Mwishowe alichagua yenye "Sisi sote abiria dereva ni Mungu," akacheka peke yake, na hakutaka kunieleza kama ni salamu au ni kijembe. Fundi aliikata na kuikunga huku muadhini akiwa ameshaanza. Achari tulinunua ya chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, tukaifunga kwa mifuko mitatu, kwani somo la bwana wa Nakuru lilikuwa limetuingia.

Baada ya chakula mama alilala usingizi mzito hadi saa tisa na nusu. Hapo nilimkumbuka ndugu wa Mwanza. Laiti ningemfuata yeye peke yake, tungekosa asubuhi yote. Lakini bila ya saa zile mbili za usingizi nisingekuwa na mtu wa kwenda naye Mama Ngina.

Pale Mama Ngina tulifika saa kumi na robo. Kwa zaidi ya saa moja haikupita meli yoyote. Zilipita ngalawa mbili na boti ndogo ya buluu, na mimi nikaanza kuona haya, kana kwamba nimemwahidi kitu kisicho mikononi mwangu. Yeye alikuwa anakula mihogo na kunionyesha, kwa uti wa muhogo, upande ambao babu alikuwa akirudi nyumbani akiwa amevaa kaptura ya khaki. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuwamo katika hadithi zote za utotoni mwetu: kila jioni babu alikuwa akirudi na jina la meli moja aliyoipakua siku hiyo, na watoto walipaswa kubahatisha imetoka nchi gani kabla hawajapewa chakula. Mama anasema alijifunza jiografia yote kwa njia hiyo, na ndiyo sababu mtihani wake wa darasa la saba ulikwenda vizuri.

Saa kumi na moja na dakika arobaini ilitokea meli ya makontena kutoka upande wa kusini, ikaja polepole mno hata nikadhani imesimama, kisha ghafla ikawa mbele yetu, ndefu kuliko mtaa. Mama alisimama bila bakora. Alilisoma jina kwa sauti, akanigeukia na kuniuliza imetoka wapi. Nikasema Uchina. Akasema, "Basi leo huli," na tukaondoka.

Kuhusu safari ya kituoni, tulitoka Mji wa Kale saa moja kamili na tukafika Miritini saa mbili na dakika arobaini, kwa kuwa Changamwe magari yalikuwa hayaendi kabisa. Tulipokuwa Makupa mama alimwomba dereva apunguze mwendo ili aone taa za bandari, na dereva akamjibu kwa adabu kwamba mwendo ukipungua zaidi ya hapo itakuwa ni kuegesha. Ukaguzi ulikuwa kama ulivyoelezwa. Mbwa alisita kidogo kwenye mfuko wa achari, akatafakari, akaendelea na mstari. Treni iliondoka kwa wakati, na mama alikuwa amelala kabla hatujafika Mariakani.

Mtu wa Isamilo anajibu:

Nimefurahi kusoma. Bado nashikilia kwamba hatari ilikuwapo, lakini nakiri kwamba chumba cha mchana ni wazo ambalo mimi na marehemu baba tungelihitaji sana Kigali.

Mzee wa Gati anajibu:

Binti yangu, nimesomewa maelezo yako na mjukuu wangu, kwa sababu macho yananisumbua, na nimemwambia arudie pale penye meli. Ule mchezo wa majina ya meli haukuwa wa babu yako peke yake. Wengi tuliuchukua kazini tukaupeleka nyumbani, na mimi wanangu niliwatesa nao vilevile. Muulize mama, kama anakumbuka, babu yako alikuwa gati namba ngapi.

Mjukuu wa Kilindini anajibu:

Nimemuuliza sasa hivi akiwa jikoni na wifi yangu. Anasema namba tano, kisha akasema pengine sita, kisha akarudi kwenye tano, kwa kuwa anakumbuka babu akisema kwamba vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Mzee wa Gati anajibu:

Mimi nilikuwa namba saba. Mpe salamu zangu.